Waridi la jangwani: mwaka wa tatu majani tu, ua hata moja sijaona. Kosa ni langu au la mti?

#1 Mama Vyungu
Wakuu salaam. Nina waridi la jangwani, ule mmea wenye shina lililovimba chini kama chupa. Nilinunua kwa wauza miche wa barabarani hapa Arusha, likiwa na maua mawili ya waridi. Yakadondoka wiki ile ile. Tangu siku hiyo huu ni mwaka wa tatu, sijaona hata tumba.

Siyo kwamba linaumwa. Majani yanang'aa, matawi yamerefuka mpaka yanagusa nondo za dirisha. Namwagilia kikombe kimoja kila asubuhi, samadi ya ng'ombe naweka, Jumamosi nafuta majani kwa kitambaa. Lipo barazani.

Kinachoniuma ni kwamba mama yangu anakaa Same, na kule upande wa Mkomazi mimea hii inajiotea juu ya mawe, haipewi chochote na haimwombi mtu. Kiangazi kikikolea haina jani hata moja, lakini imejaa maua. Mama anasema wangu nimeudekeza. Nataka jibu la kitaalamu, siyo la mama.

#2 Mtu wa Dom
Mama ameshajibu. Uzi ufungwe.

#3 Binti Kilifi
😂😂 #2 una roho mbaya.
Dada, kikombe kila asubuhi? Huo ni mmea au ni mgonjwa wa kunyweshwa uji?

#4 Mtu wa Dom
Basi nijibu kiungwana. Mimi ninao sita hapa Dodoma, yote nje juani. Kiangazi naimwagilia mara moja kwa wiki, na nikisafiri inakaa hata wiki tatu. Lile shina nene ni tangi lake la maji. Ukilijaza kila siku mti hauna shida yoyote, na mti usio na shida hauna haraka ya kuzaa. Unajenga majani tu. Nyima maji mwezi mzima, uje unishukuru.

#5 Shamba Darasa
Napingana kidogo na #4. Maji ni sehemu, ila mimi nimeona neno "samadi" nikasita. Naitrojeni nyingi inatoa majani mengi na matawi marefu laini, ndicho hicho anachoeleza. Mmea wa maua unataka fosforasi na potasiamu zaidi. Achana na samadi na usithubutu kuweka urea. Tafuta mbolea ya maua au ya nyanya yenye potasiamu kubwa, kijiko cha chai kwenye lita tano za maji, mara moja kwa mwezi wakati wa joto. Wakati wa baridi usiweke chochote.

#6 Mzee Kitalu
Nimeuza miche miaka mingi, mniruhusu niseme. Mama Vyungu, maua yale mawili yalikuwa ya tabaka moja, petali tano, au yalikuwa yamejikunja mengi mengi kama waridi la kweli?

#7 Mama Vyungu
Mengi mengi mzee. Ndiyo maana nilinunua.

#8 Mzee Kitalu
Nilijua. Huo ulibebeshwa. Miche mingi yenye maua ya tabaka nyingi ni ya kubebesha: shina la chini ni la mmea wa kawaida uliooteshwa kwa mbegu, juu pamechomekwa kikonyo cha aina ya kifahari, na aina nyingi za kifahari asili yake ni Thailand au Taiwan. Kikonyo cha juu kikifa, shina la chini linatoa matawi yake lenyewe na mwenye nyumba hajui. Angalia kama kuna kovu la kukatwa, pembetatu au mstari, kiasi cha upana wa vidole viwili au vitatu juu ya shina nene. Kama matawi yote yanatokea chini ya kovu, unafuga mwingine kabisa.

#9 Mtu wa Dom
Sawa mzee, lakini shina la kawaida nalo linachanua! Hayo ya Mkomazi nani aliyabebesha?

#10 Mzee Kitalu
Sijasema halichanui. Nimesema huenda anasubiri ua ambalo halitakuja.

#11 Binti Kilifi
Mimi naona wote mmepita mbali. Amesema LIPO BARAZANI. Jua liko wapi? Huu mmea bila saa sita za jua la moja kwa moja ni sawa na kufuga mchicha. Matawi marefu membamba yanayoelekea dirishani ndiyo dalili, yanatafuta mwanga. Wangu hapa Kilifi niliuweka chini ya mwembe mwaka mzima, majani matupu. Nikausogeza hatua nne tu kwenye ua wa mbele, miezi miwili haikuisha ukachanua. Maji sikubadilisha, mbolea sijawahi kuweka.

#12 Mama Vyungu
Jua linalipata dada, kuanzia saa moja asubuhi hadi kama saa nne.

#13 Binti Kilifi
Jua la asubuhi la Arusha mwezi Julai? Hilo mimi naliita mbalamwezi.

#14 Kijana wa Voi
😂😂😂

#15 Daktari wa Mbuzi
Kabla hamjaendelea kumwambia akate na kupogoa: utomvu wake ni sumu, na siyo sumu ya kutania. Una kemikali zinazoshika moyo, jamii moja na zile za oleanda, na kweli mimea hii miwili ni ndugu. Mwenye kukata avae glavu, asijifute macho, anawe. Nilishaletewa mtoto wa mbwa aliyetafuna tawi lililopogolewa na kuachwa uani. Alitapika, mapigo ya moyo yakawa ya kusuasua, tukamlaza siku mbili. Alipona, ila mwenye mbwa alikuwa anaapa kwamba jirani ndiye aliyemwekea sumu. Mbuzi wengi huupita tu porini, lakini ukiwachanganyia matawi kwenye majani yaliyokatwa ndiyo wanakula bila kuchagua.

#16 Kijana wa Voi
Daktari kasema kweli. Ndiyo huu Wahadzabe wanaopaka kwenye mishale.

#17 Sijali Jina
Hapana, mkuu. Sumu ya mishale inatoka kwenye msunguti, Wamasai wanauita olmorijoi. Waridi la jangwani ni pambo tu.

#18 Mwana wa Eyasi
#17 umechanganya watu na miti. Msunguti ni kweli ni sumu ya mishale, na huko Kenya umetumiwa sana. Lakini Wahadzabe wa Ziwa Eyasi wana sumu zao mbili. Moja wanaiita panjupe, na hiyo ndiyo inayotoka kwenye waridi la jangwani. Nyingine ni shanjo, inatokana na mbegu za mmea mwingine kabisa, jamii ya strofantusi. Panjupe wanakamua utomvu kwenye matawi yaliyopashwa moto, wanauchemsha mpaka unakuwa mzito mweusi kama lami, halafu wanazungushia kwenye chembe ya mshale. Nyama inaliwa.

Kwa hiyo Mama Vyungu, unafuta silaha majani kila Jumamosi.

#19 Mama Vyungu
Jamani!! Na mjukuu wangu anacheza hapo hapo. Leo napandisha juu ya ukuta.

#20 Binti Kilifi
Huko juu ya ukuta ndiko kwenye jua. Mungu mkubwa.

#21 Sijali Jina
#18 asante, nimejifunza. Ila msunguti nao ni wa familia hiyo hiyo, kwa hiyo sikuwa mbali sana.

#22 Mwana wa Eyasi
Familia moja ndiyo, hata vinka ya makaburini ni familia hiyo. Nyani na binadamu nao ni ndugu, lakini huwezi kuposa huko.

#23 Nairobi Juu ya Bati
Hamjambo. Nasoma hapa nacheka tu. Kuna mtu atakuja kusema Arusha kuna baridi, kwa hiyo nimtangulie: mimi niko Nairobi, mita kama 1,700 kutoka usawa wa bahari, juu kuliko Arusha mjini, na wangu unachanua kila Oktoba hadi Februari. Nimeuweka juu ya paa la zege la ghorofa ya nne, umeegemea ukuta unaopigwa na jua la mchana. Saruji inashika joto hata usiku.

Siri yangu ni Juni hadi Agosti. Majani yanaanguka, nami naacha maji kabisa kabisa. Mwaka wa kwanza niliuhurumia nikauendeleza na maji wakati wa baridi, mizizi ikaoza, shina likawa laini kama ndizi iliyopitiliza.

#24 Shamba Darasa
Ulifanyaje, ulitupa?

#25 Nairobi Juu ya Bati
Nilikata. Nilitoa sehemu yote ya kahawia mpaka nikafika kwenye nyama nyeupe safi, nikapaka unga wa mkaa, nikaning'iniza kivulini wiki mbili kama kitunguu. Nikapanda upya kwenye mchanga mkavu, maji baada ya siku kumi. Ukaishi. Umbo limekuwa kama jino la mbuzi, lakini upo hai.

#26 Mpare Halisi
Naona wote mnazungumzia bustani. Mimi nimekulia huko anakosema mama wa mtoa mada. Pale huu mti haupati kivuli, haupati mbolea, na unamwagiliwa na Mungu mara mbili kwa mwaka. Unachanua kabla ya vuli, ukiwa mtupu. Bibi yangu alituambia mti huo unaiona mvua kabla yetu.

#27 Mtu wa Dom
Asante. UKAVU. Nilisema nini #4?

#28 Nairobi Juu ya Bati
Ukavu au joto? Kiangazi cha kule vyote viwili vinakuja pamoja, utatenganishaje? Wangu unakaa mkavu Juni yote na Julai yote, hauchanui. Joto likirudi Septemba, nikaanza kuupa maji, ndipo matumba yanatoka. Kwa ushahidi wangu ukavu peke yake hautoi kitu.

#29 Mtu wa Dom
Kwa sababu ulikaa mkavu kwanza! Ungenywesha Juni usingeona kitu.

#30 Nairobi Juu ya Bati
Ningenywesha Juni ungeoza. Tumeshaongea hilo.

#31 Msalala
Salaam kutoka Salalah, Oman. Nimezaliwa Unguja, nipo huku miaka kumi na miwili. Milima ya Dhofar imejaa miti hii, shina la kijivu linatambaa kwenye mwamba kama mguu wa tembo. Huku tuna khareef, manyunyu na ukungu kuanzia Juni mpaka Septemba, milima yote inakuwa kijani. Lakini maua yake unayaona kabla ya khareef, wakati kila kitu kimekauka. Khareef ikiingia, majani. Naona inakubaliana na bibi wa #26.

Halafu kuhusu jina: nimesikia watu wakisema jina lake la kitaalamu, Adenium, ni kwa sababu ya Aden.

#32 Mwana wa Eyasi
Wengine wanasema Aden, wengine wanasema limetokana na jina la Kiarabu la mmea wenyewe ambalo yule mtaalamu wa mimea Forsskål aliliandika kama "oddaejn" alipokuwa Yemeni. Alikuja na msafara wa mfalme wa Denmark, akafia huko huko Yemeni mwaka 1763, na maandishi yake yakachapishwa 1775 na mwenzake Niebuhr. Yeye aliuweka kundi moja na oleanda. Baadaye, 1819, ndipo ukatengewa kundi lake. Jina la pili, obesum, maana yake mnene.

#33 Kijana wa Voi
Mnene, hauchanui, unafutwa kila Jumamosi. Ningekuwa mimi nisingechanua pia.

#34 Mzee Kitalu
Turudi kwenye chungu. Mama Vyungu, huo mti uko kwenye chombo gani na udongo gani? Hakuna aliyeuliza mpaka sasa, mnagombania hali ya hewa ya Oman.

#35 Mama Vyungu
Ndoo ya plastiki ya lita 20, imepakwa rangi, nzuri tu. Udongo mweusi wa shambani nimechanganya na samadi. Nilihamisha kutoka kwenye kile kimfuko chake nilipoununua.

#36 Mtu wa Dom
😳

#37 Nairobi Juu ya Bati
Ina matundu chini?

#38 Mama Vyungu
Nitaangalia.

#39 Binti Kilifi
"Nitaangalia." Miaka mitatu!

#40 Mzee Kitalu
Msimcheke, wengi wako hivyo. Sikiliza mama. Udongo mweusi unashika maji siku nyingi, na ndoo ya lita 20 ni godoro kubwa kwa mtu mmoja. Mizizi haifiki kote, maji yanabaki yamelala. Tafuta chungu cha udongo, kipana kuliko urefu, kinachouzidi upana wa shina kwa vidole vitatu tu kila upande. Mchanganyiko: sehemu mbili mchanga mkubwa wa mtoni uliooshwa au zile changarawe nyepesi za volkano (Arusha mnazo bure, msinunue), sehemu moja udongo wa msituni au mboji iliyoiva. Ukimwaga maji yapite papo hapo. Ukihesabu mpaka kumi na bado yamesimama juu, anza upya.

Unapopanda, pandisha shina juu kidogo kuliko lilivyokuwa, mizizi ya juu ionekane. Kila ukihamisha, baada ya mwaka mmoja na nusu au miwili, pandisha tena. Ndivyo linavyopata lile umbo. Mizizi ukiikata, usimwagilie siku saba, kidonda kikauke.

#41 Shamba Darasa
Na pogoa mwanzo wa joto, Septemba hivi. Maua yanatoka kwenye ncha za matawi mapya, kwa hiyo tawi moja refu ni shada moja, ukilikata linatoa matawi matatu, mashada matatu. Hayo yanayogusa nondo kata nusu.

#42 Daktari wa Mbuzi
GLAVU.

#43 Kijana wa Voi
Nina swali la pembeni. Vile vikonyo vinavyokatwa nikichomeka ardhini vinashika?

#44 Mzee Kitalu
Vinashika, kausha siku tano kwanza. Ila mti wa kikonyo mara nyingi hauvimbi chini vizuri kama wa mbegu. Ukitaka kitambi, panda mbegu. Mbegu mpya kwenye joto zinaota ndani ya wiki moja, wiki mbili zikichelewa. Zilale juu ya mchanga, zifunike kidogo tu.

#45 Kijana wa Voi
Mbegu nazipata wapi? Huu wa kwetu unachanua kila mwaka haujawahi kutoa.

#46 Mpare Halisi
Porini zipo, zinatoka mbili mbili kama pembe za swala. Zikipasuka, kila mbegu ina manyoya pande zote mbili, upepo ukija umekosa zote. Tukiwa wadogo tulikuwa tunazifukuza. Ukiona pembe, ifunge na uzi au soksi kuukuu kabla haijapasuka.

#47 Sijali Jina
Kwa nini using'oe tu mti mzima porini? Yapo mengi.

#48 Mpare Halisi
Kwa sababu mti wenye shina kama pipa umekaa pale kabla wewe hujazaliwa, ukiung'oa kwenye mwamba unakata nusu ya mizizi, na utakufa kwenye ndoo ya mtu kama hii tunayoijadili. Na ukikutwa umeubeba ndani ya hifadhi utajieleza mwenyewe. Kwetu nimeona mashimo barabarani palipokuwa na miti mizuri. Chukua mbegu.

#49 Mzee Kitalu
Naunga mkono #48. Na sisi wenye vitalu baadhi yetu tuna dhambi hiyo.

#50 Tajiri Mtarajiwa
Wakuu, nimeona mtandaoni mbegu za waridi la jangwani la BLUU, mbegu kumi kwa bei ya kuku wawili. Niagize?

#51 Mzee Kitalu
Hakuna la bluu. Kuna ya waridi, mekundu, meupe, ya njano, ya zambarau iliyokolea karibu na weusi. Bluu ni ya kompyuta.

#52 Tajiri Mtarajiwa
Nimeshalipa mkuu, nilikuwa naulizia kama nimefanya vizuri.

#53 Kijana wa Voi
Kuku wamekwenda.

#54 Mama Vyungu
Nimerudi, wiki ya pili ya Oktoba. Samahani kwa ukimya. Nawapa taarifa.

Ndoo ilikuwa na tundu MOJA, limeziba kwa mzizi. Nilipouchomoa, chini palikuwa na tope linanuka. Mizizi miwili imeoza, nikakata, mkaa, nikauning'iniza. Kovu lipo kama alivyosema Mzee Kitalu, na matawi mawili yanatoka chini yake, moja tu juu. Nimepogoa (glavu nilivaa, Daktari). Chungu kipana, changarawe, juu ya ukuta, jua la kutwa. Maji mara moja kwa wiki, samadi nimeacha.

Sasa majani YOTE yameanguka. Shina gumu, halijalegea. Nimefanya sawa au nimeua?

#55 Mtu wa Dom
Umefanya sawa. Huo ndio ukavu unaotakiwa. Usiguse.

#56 Nairobi Juu ya Bati
Oktoba kwenye joto haupaswi kuwa mtupu. Ni mshtuko wa kukatwa mizizi. Ongeza maji kidogo, joto lipo.

#57 Binti Kilifi
Hakuna mshtuko wala ukavu. Umetoka barazani ukaingia jua la kutwa siku moja, majani ya kivulini yameungua, yanatoka mapya. Ungeusogeza pole pole.

#58 Shamba Darasa
Tuma picha ya ncha za matawi. Kuna uvimbe mdogo mdogo?

#59 Mama Vyungu
Upo kwenye matawi mawili, umechongoka, rangi ya waridi kwa mbali. Kwenye yale ya chini ya kovu.

#60 Mtu wa Dom
MATUMBA HAYO!!!

#61 Mzee Kitalu
Au majani. Majani machanga nayo yanaanza na wekundu. Subiri siku kumi.

#62 Binti Kilifi
Na kama ni maua, ni ya petali tano, siyo yale aliyonunua. Mzee alisema.

#63 Mama Vyungu
Hata yakiwa mawili na mabovu nayataka. Mama anakuja Jumamosi kutoka Same, nimemwambia nina kitu cha kumwonyesha. Ameuliza kama nimeacha kuufuta.

#64 Tajiri Mtarajiwa
Mbegu zangu zimefika. Ziko tisa, na nina wasiwasi ni za bamia.